Chipu ya grafiki imekufa, kesi imeisha kwa maridhiano: namna ya kudai chako

Laptopu ikiletwa mezani kwangu inawaka lakini kioo cheusi tii, sigusi bisibisi kwanza. Nabonyeza Caps Lock. Kitaa chake kikiwaka na kuzima kila nikibonyeza, mashine iko hai, picha tu ndiyo haipo. Halafu nawasha tochi ya simu na kuilaza karibu na kioo, kwa pembeni. Nikiona vivuli vya ikoni na maandishi kwa mbali, chipu haina kosa. Kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo au inverta yake. Nisipoona kitu, nachomeka skrini ya nje kwenye tundu la VGA. Nayo ikiwa nyeusi, au ikaleta mistari ya rangi na herufi za ovyo ovyo, hapo ndipo naanza kuishuku chipu ya grafiki, ile inayotengeneza picha ya kwenye kioo.

Naanza na tochi kwa sababu madai mengi hufia hapo. Mtu anasikia kuna fidia ya laptopu za aina yake, anajaza fomu, anatuma mashine, na mashine inarudi kama ilivyokwenda: ugonjwa wake haumo kwenye orodha ya dalili zilizokubaliwa. Posta imeshakula nauli yake, na tarehe ya mwisho imeshapita.

Mwongozo huu unamhusu zaidi aliyenunua kompyuta Marekani, au mwenye ndugu huko, kwa kuwa huko ndiko zimezoeleka kesi hizi za kundi, yaani wachache wanashtaki kwa niaba ya wanunuzi wote wenye tatizo moja. Mwishoni nitasema machache kwa sisi tunaozipata zikiwa mtumba. Mfano nitakaoutumia ni kesi ya chipu za grafiki za kampuni ya NVIDIA. Imeshafungwa, siku ya mwisho ya kudai ilikuwa 14 Machi 2011, kwa hiyo usianze leo kuitafuta fomu yake. Faida ya kesi iliyofungwa ni kwamba unaiona yote, kuanzia kasoro mpaka mzigo ulipofika mlangoni kwa mdai.

Kasoro ilikuwa nini

Ndani ya chipu, kipande cha silikoni hakikukaa kitupu. Kimebebwa na vinundu vidogo sana vya lehemu, na katikati ya vinundu hivyo imejazwa gundi ya kuvishikilia. Mashine ikipata moto kila kitu hutanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Ikizimwa kila kitu husinyaa. Gundi ikilainika kwenye joto kali, mzigo wote wa kuvutana huku unaviangukia vinundu, navyo hupata nyufa. Ndiyo maana mashine nyingi zilikufa mikononi mwa watu wanaowasha na kuzima kila siku, zikiwa bado na sura ya upya.

Tarehe 2 Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 za waranti, matengenezo na gharama nyingine za chipu hizo. Ilikiri udhaifu wa malighafi za chipu na kifuniko chake, na papo hapo ikataja mpangilio wa kupoza wa laptopu na namna wateja wanavyozitumia. Dell, mmoja wa watengenezaji wa laptopu hizo, ilitoa BIOS mpya (programu ya msingi inayoiamsha mashine) zilizofanya feni ianze kuzunguka mapema. Maoni yangu kama fundi: feni ile ilikuwa kama kumpepea mgonjwa. Joto linapungua, nyufa zinachelewa, waranti inaisha.

Kesi za wanunuzi ziliunganishwa katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California, mbele ya Jaji James Ware, namba C 08-04312. Maridhiano yalifikiwa mwaka 2010, na kikao cha mwisho cha kuyapitisha kilifanyika Desemba mwaka huo. Yaligusa baadhi ya laptopu za Apple, Dell na HP. Wenye MacBook Pro na Dell zilizoorodheshwa walibadilishiwa chipu au mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Wengi wa wenye HP waliahidiwa laptopu nyingine inayofanana na ya kwao kwa aina na thamani. Aliyekuwa amelipia matengenezo ya kasoro hiyo kwa fedha zake aliweza kuomba arudishiwe.

Hatua ya kwanza: hakikisha umo

Soma kwanza tafsiri ya kundi, yaani aya inayosema ni nani hasa wanaohusika. Isome neno kwa neno, hata kama ni ya kisheria na inachosha. Kwa kawaida ina vitu vinne: bidhaa gani, ilinunuliwa wapi, ilinunuliwa lini, na nani aliyenunua. Kesi ya NVIDIA iliwahusu walionunua Marekani. Mtu aliyenunua mashine ile ile Dubai hakuwemo, hata kama chipu ilitoka kwenye kiwanda kimoja.

Jina la laptopu pekee halitoshi. Dell Latitude D630, ambayo baadaye ilijaa kwenye maduka ya mitumba ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli, Nairobi, iliuzwa kwa namna mbili: moja ina grafiki ya Intel, nyingine ina Quadro NVS 135M ya NVIDIA. Kwa nje ni pacha. Ya Intel haikuwa na tatizo hili, na haikuwa na dai. Mashine ikiwa bado inaonyesha picha, fungua Device Manager, orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows, uangalie sehemu ya Display adapters. Ikiwa imekufa, geuza uone kibandiko chini. Dell huandika Service Tag ya herufi na tarakimu saba, ambayo ukiiingiza kwenye tovuti yao hukuonyesha mashine ilitoka kiwandani na vifaa gani. MacBook Pro za miaka ile zilikuwa na namba ya seriali ndani ya nyumba ya betri. Toa betri, chukua tochi tena.

Kwa Windows inayowaka, fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_BIOS` na seriali itatokea. Inakili kwa kuipiga picha. Ukiinakili kwa mkono, sifuri na herufi O zitakuchanganya, na dai litarudishwa.

Hatua ya pili: linganisha dalili

Taarifa ya maridhiano hutaja dalili. Kwa kesi hii zilikuwa picha iliyovurugika, kioo kisicho na picha huku mashine inawaka, mistari au herufi zisizoeleweka, na skrini ya nje kukosa picha. Kwa baadhi ya HP kulikuwa na dalili ambayo mafundi wengi hawakuidhania: kadi ya Wi-Fi kupotea, hata kwenye Device Manager isionekane. Sababu ni kwamba kwenye HP hizo chipu iliyobeba grafiki ndiyo iliyobeba pia njia za kadi nyingine. Ikianza kupasuka, Wi-Fi inaweza kutangulia kufa kabla ya picha. Sijui ni watu wangapi walinunua kadi mpya za Wi-Fi bila faida kwa ugonjwa uliokuwa kwenye mazabodi. Mimi mwenyewe nilishawahi kubadilisha moja, mteja akarudi kesho yake.

Piga video ya dalili. Anza na seriali ikionekana kwenye kibandiko, halafu bila kukata geuza mashine uiwashe. Sekunde arobaini zinatosha. Ubovu wa namna hii huja na kuondoka, na utashangaa siku mashine itakapoamka nzima mbele ya mkaguzi.

Hatua ya tatu: usiipike

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usiruhusu mtu aipige moto chipu kabla ya kudai. Najua kazi hiyo. Nimeifanya kwa bomba la hewa ya moto, na nimeona vijana wakiweka mazabodi kwenye oveni ya keki. Mashine huamka kweli. Joto linavifanya vinundu vilivyopasuka viguse tena, kisha baada ya wiki au miezi vinaachana. Sasa umejiletea mambo mawili: dalili imepotea siku ya ukaguzi, na mazabodi ina alama za kuchezewa, ambazo ni sababu tosha ya kukataliwa. Fundi anayekuambia amebadilisha vidonge vya lehemu vinavyoishika chipu kwenye mazabodi naye hajagusa nyufa zilizo ndani ya chipu yenyewe. Dawa ni chipu mpya isiyo na kasoro ile.

Hatua ya nne: karatasi

Tengeneza bahasha moja, ya kweli au ya kwenye simu, uweke risiti ya kununulia, taarifa ya benki ya mwezi ule, barua pepe ya kuthibitisha oda, picha ya kibandiko, video, na kila risiti ya fundi. Duka likiwa lilikuuzia kupitia akaunti, historia ya oda mara nyingi bado ipo. Risiti ya fundi iwe na tarehe, modeli na kilichofanyika. "Matengenezo ya kompyuta, dola 180" haikusaidii. "Kubadilisha mazabodi, picha haitoki" inakusaidia.

Ukubwa wa malipo mara nyingi hufuata karatasi. Maridhiano ya kibodi za MacBook ya mwaka 2022, yenye thamani ya dola milioni 50, yaliwagawa wadai kwa idadi ya matengenezo: hadi dola 395 kwa waliobadilishiwa sehemu nzima ya juu mara mbili au zaidi, hadi 125 kwa mara moja, na hadi 50 kwa waliobadilishiwa vitufe tu. Tena ilikuwa kwa wanunuzi wa majimbo saba. Jirani yako wa ng'ambo ya mpaka wa jimbo, mwenye kibodi mbovu kuliko yako, hakupata senti.

Hatua ya tano: amua unasimama wapi

Taarifa halali itakupa njia nne, kila moja na tarehe yake. Unaweza kudai. Unaweza kujitoa kwenye kundi, ukabaki na haki ya kumshtaki mhusika mwenyewe. Unaweza kubaki ndani na kupinga masharti kwa maandishi kabla ya jaji kuyapitisha. Au unaweza kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kubaya kuliko yote, na ndiko kunakochaguliwa na wengi bila kujua. Asiyejibu huhesabiwa kuwa mwanakundi: hapati chochote, na haki yake ya kushtaki juu ya jambo lile inafungwa pamoja na za wenzake. Mdogo wangu anayeishi Ohio aliwahi kupokea bahasha ya namna hii ya kesi nyingine. Akaiona ina maandishi madogo mengi, akadhani ni tangazo la mkopo, akaitupa na vipeperushi vya pizza. Miezi baadaye akaniuliza kama bado anaweza kudai. Nilimuuliza bahasha iko wapi, akacheka.

Kujitoa kunafaa kwa mwenye hasara kubwa, kwa mfano studio iliyopoteza mashine kumi. Kwa laptopu moja ya nyumbani, wakili atakumaliza kabla chipu haijatajwa mahakamani.

Hatua ya sita: fomu na kiapo

Jaza jina kama lilivyo kwenye risiti. Kama risiti ina jina la mume na anayedai ni mke, eleza kwa sentensi moja na uambatanishe uthibitisho. Anwani iwe ile utakayokuwepo miezi kumi baadaye. Wahamaji tunapoteza hundi nyingi kwa sababu ya kuhama nyumba. Ukihama, mwandikie msimamizi wa madai, yaani yule anayepokea fomu na kutuma malipo.

Chini ya fomu kuna mstari wa sahihi unaosema unathibitisha haya chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Huo si urembo. Usidai mashine usiyokuwa nayo, wala usiongeze idadi. Ukituma kwa mtandao, hifadhi namba ya dai na picha ya ukurasa wa uthibitisho. Ukituma kwa posta, lipia huduma yenye ufuatiliaji, na usingoje siku ya mwisho: soma kama tarehe inahesabiwa kwa muhuri wa posta au kwa siku ya kupokelewa.

Hatua ya saba: okoa vitu vyako, kisha tuma

Mashine ya zamani huenda isirudi. Picha za harusi zisiende nayo. Laptopu nyingi za zama zile zina mlango mdogo chini wenye skrubu mbili tatu. Diski ya SATA inachomoka kwa kuivuta taratibu pembeni. Itie kwenye kasha la USB, nakili kila kitu kwenye kompyuta nyingine. Muulize msimamizi kwa maandishi kama mashine iende na diski au bila. Ikitakiwa iende nayo, futa data kwanza, na uondoke kwenye akaunti zako zote.

Kabla ya kufunga boksi, piga picha pande zote sita za mashine, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Andika vilivyomo: chaja, betri, mfuko. Tumia boksi walilokutumia kama wametuma.

Hatua ya nane: ukipewa usichokitarajia

Hii ndiyo sehemu ya kesi ya NVIDIA inayofundisha zaidi. Wenye HP walisoma "inayofanana kwa aina na thamani" wakawaza mashine zao: baadhi zilikuwa za kioo cha inchi 17, zilizonunuliwa kwa bei ya juu. Kilichochaguliwa kikawa Compaq CQ56, laptopu ya bei ya chini. Wenye HP tx1000, ambayo kioo chake hugeuka na kuandikika kwa kalamu, walipangiwa kompyuta ndogo ya Asus. Watu walirudi mahakamani kulalamika. Jaji alikataa, kwake CQ56 ilitosha.

Pigano lile lilichelewa. Neno "thamani" linaweza kumaanisha bei uliyonunulia, au bei ya mashine iliyotumika miaka minne, au uwezo wake wa kazi, na maridhiano hayakuifunga tafsiri moja. Mahali pa kuuliza swali hilo ni kipindi cha pingamizi, kabla ya jaji kusaini. Ukiona kwenye rasimu neno kama "inayolingana" bila modeli wala bei ya chini, andika barua ya pingamizi. Huhitaji wakili kuandika: taja namba ya kesi, jina lako, seriali, na kile unachotaka kifafanuliwe, uitume anwani iliyotajwa kabla ya tarehe.

Dai likikataliwa, kuna muda mfupi wa kurekebisha. Barua inayotaja upungufu wa dai lako, ijibu kwa kile kile ilichoomba. Ukiulizwa risiti, peleka risiti. Hadithi ya miaka mitatu ya mateso haitafunguliwa. Hundi ikifika, iweke benki wiki hiyo hiyo, maana ina tarehe ya kufa. Na usijenge nyumba kwa fedha hizo: wanunuzi wa kadi ya grafiki ya NVIDIA GTX 970 mwaka 2016 walilipwa dola 30 kwa kadi.

Matapeli

Maridhiano ya kweli yana jina la mahakama, namba ya kesi, tarehe ya kikao na majina ya mawakili wa kundi. Namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye PACER, mfumo wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho za Marekani. Msimamizi wa kweli haombi ada ya "kuachilia malipo", haombi nywila ya benki, na hakupigii simu usiku akisema zimebaki saa mbili. Usibonyeze kiungo cha kwenye ujumbe. Andika anwani ya tovuti mwenyewe kutoka kwenye nyaraka za mahakama.

Kwa sisi wa mtumba

Ukinunua D630 Dar, haumo kwenye kundi la California, basi. Kinachoweza kukufikia ni programu ya matengenezo ya kiwanda, ambayo si kesi. Mfano mzuri ni ule wa Apple wa 2015, kwa MacBook Pro zenye kasoro ya grafiki zilizouzwa kati ya Februari 2011 na Desemba 2013: ulianza Marekani na Kanada tarehe 20 Februari, na nchi nyingine tarehe 27, ukaendelea hadi mwisho wa 2016. Programu za namna hii huangalia seriali, kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, ingiza seriali kwenye tovuti ya kiwanda uone kama kuna kitu.

Kikishindikana hicho, mtu wako ni muuzaji. Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, bila kulazimika kuwa na wakili. Tanzania kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, na Tume ya Ushindani iliyoundwa chini ya sheria ya 2003 hupokea malalamiko ya walaji. Kote kuwili utaulizwa risiti, na risiti ya "laptop 1" haimbani muuzaji kwa lolote.

Kwa hiyo pale dukani, kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aiwashe, aicheze video nusu saa huku umekaa, uchomeke skrini ya nje, uzime, ungoje ipoe, uwashe tena. Akisema umeme ni ghali, mlipie. Kisha mwambie aandike kwenye risiti modeli, seriali, jina la chipu ya grafiki, na siku ngapi anairudisha.